Theluji imeisha: skii zenu mnazihifadhi wapi mpaka Desemba? Za mwanangu zimeliwa na kutu

#1 MamaZawadi (Drammen, Norwei)

Habari za huko wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu.

Mwaka jana tuliporudi kutoka milimani baada ya Pasaka, nilizifuta skii za mwanangu kwa taulo, nikazifunga pamoja kwa mikanda yake, nikazitia kwenye begi lake refu, nikafunga zipu na kulilaza begi sakafuni kwenye stoo ya chini ya jengo letu. Sikuligusa tena mpaka Desemba.

Nilipofungua zipu nilipokewa na harufu ya ukungu. Kingo za chuma zilikuwa na rangi ya tofali la kuchoma, na kutu ilikuwa imeacha alama kwenye kitambaa cha begi, mstari mwekundu ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Soli, yaani ule upande unaoteleza, niliiweka ikiwa nyeusi. Nikaikuta na michirizi myeupe kama miguu iliyopauka kwa kukosa mafuta.

Ni skii za kuteremkia mlimani. Tulizinunua mtumba kwenye gulio la bendi ya shule, lakini zilikuwa nzima kabisa. Mtoto ana miaka 9, alilia siku ile mpaka mimi nikaona aibu. Nimemnunulia nyingine, na msimu umeisha tena. Jirani anasema kosa ni begi. Fundi dukani anasema kosa ni kutopaka nta. Mume wangu anasema ni sakafu ya zege. Nani yuko sahihi?

#2 FundiWaChur (Uswisi)

Pole dada. Nimefanya kazi duka la kukodisha skii majira 11 ya baridi, na kila vuli naletewa begi kama hilo lako.

Taulo hukausha panapoonekana. Maji hubaki chini ya bindingi (kile kibano kinachoshika buti), kwenye skrubu, na katikati ya soli mbili zilizobanwa pamoja. Ukifunga zipu umeyafungia humo pamoja na chuma. Kwangu mimi mshtakiwa ni begi.

Mwaka huu zioshe kwa maji ya kawaida na tambara. Usipige bindingi kwa mpira wa maji wa presha, utaiondolea grisi yake ya ndani. Zifute, kisha ziache zimesimama sebuleni siku mbili nzima, kila moja peke yake. Halafu yeyusha nta kwa pasi, nta nyingi, soli yote mpaka ifunike na kingo za chuma, na USIIKWANGUE. Iache hivyo hivyo mpaka Desemba. Ikifika siku ya kwanza ya theluji ndipo unakwangua na kupiga brashi.

#3 Baharia_wa_Tanga

Hiyo ya Fundi #2 ni deheni kabisa. Huku kwetu chombo kikipandishwa ufukweni hukwanguliwa magamba, kikakaushwa, kikapakwa mafuta na chokaa chini ya maji, na juu kikapakwa sifa ya papa. Huachi mbao wala msumari uchi eti kwa sababu chombo kiko nchi kavu. Nchi kavu ndiko kinakofia.

#4 KamwanaUmeå (Uswidi)

Samahani lakini mbona skii zangu zina miaka 6 kwenye stoo ya chini, kwenye begi, sijawahi kuona kutu hata chembe? Labda mama Zawadi aliuziwa kitu kibovu.

#5 FundiWaChur

Kaka #4, zako ni za kukimbilia au za kuteremkia?

#6 KamwanaUmeå

Za kukimbilia. Najiandaa na mbio za Vasaloppet, kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora.

#7 FundiWaChur

Basi hazina chuma. Skii za kukimbilia kwenye njia zilizochongwa hazina kingo za chuma, ila zile za kutembelea porini milimani. Huwezi kupata kutu pasipo na chuma. Uzi huu una aina mbili za skii, kila mtu aseme anazungumzia zipi, la sivyo tutashauriana vibaya.

#8 KamwanaUmeå

Hapo nimekubali, na samahani mama Zawadi. Ila sisi wa kukimbilia tuna mwiba wetu, nao ni upinde. Skii ikilala mezani katikati hainami, inabaki juu kama upinde wa mvua. Upinde ule ndio unaokubeba: ukikanyaga kwa mguu mmoja katikati inagusa theluji na kushika, ukigawa uzito inaachia na kuteleza. Sasa mtu anachukua mkanda anazibana katikati mpaka soli zigusane, miezi 8. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, na Desemba nilihisi kama nakimbia na mbao za kitanda.

Mimi hufunga kwenye ncha na kwenye mkia tu, tena kwa kulegeza.

#9 Dereva_Sudbury (Kanada)

Naongeza mshtakiwa wa nne ambaye hamjamtaja: CHUMVI. Mama Zawadi, mlirudi milimani skii zikiwa wapi? Juu ya paa la gari?

Naendesha malori huku Ontario, najua chumvi ya barabarani inavyokula chasisi. Skii zikiwa juu ya paa bila kifuniko zinapigwa na yale maji ya chumvi njia nzima. Ukizifuta kwa taulo unaisambaza tu. Maji matupu hukauka yakaisha. Chumvi hubaki, na kila siku yenye unyevunyevu inaamka tena na kuanza kazi.

#10 MamaZawadi

Kaka wa Sudbury umenishtua. Ndiyo, juu ya paa, saa tatu nzima njiani, barabara ilikuwa nyeupe kwa chumvi. Na mstari ule wa kutu ni mkali zaidi upande mmoja. Ngoja nikumbuke ni upande uliotazama mbele ya gari au la.

#11 Kiprono_Calgary

Naweka kambi hapa. Mimi nilisikia soli ipakwe parafini, nikapaka parafini kwa kitambaa. Zinanuka nyumba nzima na mke wangu amezitoa nje kwa baridi.

#12 BintiPangani (Hamburg)

Kaka Kiprono, parafini ipi? Isije ikawa ile ya taa?

#13 Kiprono_Calgary

Ile ya stovu. Kwetu hiyo ndiyo parafini, iko ingine?

#14 BintiPangani

Iko! Hapo lugha zetu mbili zimekuponza. Ninyi Wakenya mnaita parafini, sisi tunaita mafuta ya taa. Nta ya parafini ni ngumu, kama mshumaa. Mafuta ya taa yanayeyusha nta, kwa hiyo umeiondoa hata ile iliyokuwepo. Futa kwa kitambaa kikavu, ziache kivulini penye hewa mpaka harufu iishe, kisha anza upya na nta ya skii. Na usizilete karibu na pasi kabla harufu haijaisha kabisa, hayo mafuta yanashika moto.

#15 Kiprono_Calgary

Asante dadangu, hiyo ya pasi ningeifanya leo jioni.

#16 FundiWaChur

Tukiwa kwenye pasi. Pasi ya nguo haifai: ina matundu ya mvuke, na joto lake linapanda na kushuka lenyewe. Pasi ya skii ina sahani nene na joto linatulia. Nta nyingi za kuhifadhia zinataka nyuzi 110 hadi 130, soma pakiti. Usisimame sehemu moja, tembeza pasi kuanzia ncha mpaka mkia bila kukaa. Ukiona moshi, umezidisha.

Na kwa mnaonunua mitumba: mkipewa kasha la nta za zamani, angalieni kama zina florini. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali mojawapo ya familia hiyo, PFOA, tangu 2020, na shirikisho la kimataifa la skii, FIS, likaondoa nta za florini kwenye mashindano yake yote kuanzia msimu wa 2023/24. Usiyeyushe kitu hicho jikoni kwako penye watoto. Kipeleke kunakopokelewa taka za sumu.

#17 Mhandisi_Plastiki (Gothenburg)

Naomba nipinge kidogo hili la nta kuwa ni "chakula" cha soli. Soli ni polithini, jamaa ya dumu la maji, ila molekuli zake ni ndefu mno. Polithini hainywi nta kama ngozi inavyokunywa mafuta, wala haikauki kwa kukaa stooni giza miezi minane. Ile michirizi myeupe ya mama Zawadi naamini ilikuwepo tangu Aprili. Theluji ngumu ya Pasaka, ile inayoyeyuka mchana na kuganda usiku, inakwangua soli kama msasa, na vinyweleo vidogo vinasimama. Zikiwa bichi na nta kidogo huoni. Zikikauka kabisa ndipo weupe unajitokeza.

#18 FundiWaChur

Mhandisi, nakuheshimu, lakini mikono yangu inaniambia vingine. Skii iliyolala na nta na skii iliyolala bila nta, ukizipaka Desemba, ya pili inameza nta mara mbili tatu kabla haijang'aa. Hewa inaila ile soli.

#19 Mhandisi_Plastiki

Inameza kwa sababu uso wake umekwaruzika, kuna mahali pengi pa nta kujishika. Chukua tanki jeusi la maji juu ya paa la nyumba Dar es Salaam. Linapigwa na jua miaka kumi na bado ni zima. Iweje skii ife gizani kwa kiangazi kimoja?

#20 BintiPangani

Tanki lile limetiwa dawa ya kuzuia jua kiwandani, kaka. Na ni nene kama kidole. Soli ya skii haifiki hata milimita 2, mfano wako haujakaa sawa.

#21 Mhandisi_Plastiki

Dawa ya jua ni ya jua. Stooni hakuna jua. Ila sipingi kupaka nta, maana inafunika chuma na inazuia vumbi. Napinga sababu tu.

#22 MamaMugisha (Jyväskylä, Ufini)

Wanawake wenzangu, msiweke darini! Sisi tuliweka skii za kukimbilia darini zikiwa bado na klista, ile nta ya majimaji ya kushikia kwenye barafu. Mnaoijua mnajua, ni ulimbo mtupu, ule wa kunasia ndege. Julai jua likapiga paa, ulimbo ukayeyuka, ukashuka taratibu mpaka kwenye sanduku lenye vitenge vya mama mkwe. Nilikaa sakafuni siku nzima na chupa ya dawa ya kuondolea, kitenge kimoja nikakitandaza juu ya magoti, nikifuta inchi kwa inchi. Viwili havikupona.

Kabla ya kuhifadhi ondoeni nta yote ya kushikia. Nta ya kutelezea ndiyo inayobaki.

#23 KamwanaUmeå

Pole mama Mugisha. Na wenye skii za manyoya katikati, zile za mohea, msipake nta kwenye manyoya hata kidogo. Yasafisheni kwa dawa yake, yakauke. Pia angalieni nondo. Mohea ni nywele za mbuzi, na nondo hachagui kati ya sweta na skii. Zangu zilitobolewa upara kama wa sarafu.

#24 Bukavu_Kaskazini (Minneapolis)

Miye niko Minnesota. Tatizo letu ni besimenti. Watu wanafikiri unyevu ni wa baridi, hapana. Kiangazi hapa hewa ni nzito kama ya ziwani Kivu kabla ya mvua, na ukuta wa chini ni baridi, basi maji yanajitengeneza yenyewe juu ya kila chuma. Nilinunua mashine ya kuvuta unyevu, kila siku namwaga ndoo nusu. Nimeipanga asilimia 50. Skii zimesimama juu ya ubao, haziguse zege, mikia chini, bila begi. Miaka 5 sasa, safi.

Kwa hiyo miye naunga mkono mume wa mama Zawadi: zege.

#25 Dereva_Sudbury

Lakini mkuu, ulibadilisha vitu vinne kwa pamoja: begi umetoa, ubao umeweka, mashine umenunua, na umezisimamisha. Utajuaje kilichoponya ni ubao?

#26 Bukavu_Kaskazini

Sijui, na sitaki kujua kwa kuharibu nyingine 😀 Ila niongeze: buti. Tulipofungua buti Novemba, panya amezaa ndani, kitanda chake amekishona kwa soksi zangu za sufu. Tangu hapo naziba mdomo wa buti kwa wavu.

#27 Kijakazi_Toronto

Kuhusu buti mimi nina la kusema. Toeni kile kiatu laini cha ndani kikauke peke yake, kisha mrudishe na mfunge vibano kwa kulegeza, ganda lisipoteze umbo. Na muangalie umri. Kaka yangu alikuwa na buti za miaka 14, zinang'aa kama mpya. Akiwa kwenye foleni ya lifti ganda likapasuka kifundoni, vipande vikaanguka kama ganda la yai. Baadhi ya plastiki hizi huoza kwa unyevu wa hewa hata kama huzivai.

La pili ni la usalama wa watoto. Skii zangu zilikuwa zimeegemea nyuma ya mlango. Mwanangu wa miaka 2 akavuta fimbo, zikamwangukia zote. Nyuzi 5 juu ya jicho. Tangu siku ile zinaning'inia ukutani kwa vigingi viwili vilivyofungwa kwenye mbao za ukuta, juu ya urefu wa mkono wa mtoto.

#28 MamaZawadi

Jamani pole dada. Zangu ziko nyuma ya mlango sasa hivi ninapoandika. Naenda kuzilaza.

#29 Eldoret_Lahti

Uzi mzuri. Mnanikumbusha mwanaskii wetu Mkenya Philip Boit, Olimpiki ya Salt Lake 2002, alivyomaliza wa mwisho na yule bingwa wa Norwei akamsubiri kwenye mstari.

#30 KamwanaUmeå

Ilikuwa Nagano 1998, mkuu. Kilomita 10. Bjørn Dæhlie alishinda, akakaa kwenye baridi dakika 20 hivi akimsubiri Boit afike, wakakumbatiana. Salt Lake Boit alikwenda pia, na Turin 2006, lakini kumbatio lile ni la Nagano.

#31 Eldoret_Lahti

Asante kwa kunisahihisha. Na mwanawe mmoja akamwita Dæhlie.

#32 BintiPangani

Na msimsahau Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliyebeba bendera ya Kenya Pyeongchang 2018. Yeye ni wa kuteremka, kwa hiyo kingo zake zina chuma, turudi kwenye mada 😀

#33 Baharia_wa_Tanga

Hapo Kilifi pamenigusa. Mimi ninazo skii hapa Tanga. Nilifanya kazi Uswidi miaka 8, nikarudi nazo watoto wazione. Nilizitundika barazani. Masika moja tu, kingo zote zikawa nyekundu, na unga wa kutu ukadondoka chini kama bizari. Hazikuwa na begi, hazikugusa zege, hazikuona chumvi ya barabarani. Ni upepo wa bahari tu. Nilizifuta kwa jiwe la kunolea, nikapaka grisi ya boti, nikaziingiza ndani. Hazijarudia.

#34 Dereva_Sudbury

Upepo wa bahari ni chumvi, mzee wangu. Umenipa kura.

#35 Bukavu_Kaskazini

Na masika ni unyevu. Kura ni yangu.

#36 Mtalii_Oslo

Wote mnazungumzia kutu, mimi zangu zilikuwa safi kabisa zilipoibwa. Stoo za chini kwenye majengo yetu zimetenganishwa kwa wavu tu, mtu anatazama anachagua. Walikata kufuli nane usiku mmoja. Walichukua zilizokuwa na bindingi mpya, zilizochakaa wakaacha. Pigeni picha, andikeni namba iliyochapwa ubavuni mwa skii, na mzifunike zisionekane kutoka nje ya wavu. Bima walinidai namba, sikuwa nayo.

#37 Kiprono_Calgary

Swali: springi za bindingi. Rafiki yangu anasema lazima nizilegeze kwa bisibisi mpaka mwisho, zipumzike.

#38 FundiWaChur

Usiziguse. Springi zimetengenezwa kukaa zimebanwa. Legeza, halafu sahau kurudisha, Desemba skii inakutoka mguuni kwenye mteremko wa kwanza.

#39 Eldoret_Lahti

Kijitabu cha bindingi zangu kinasema zilegezwe. Sasa nimfuate Fundi au kijitabu?

#40 Kijakazi_Toronto

Mimi nililegeza miaka mitatu, nikiandika namba kwenye utepe na kuubandika juu ya skii. Mwaka wa nne utepe ulibanduka. Nilirudisha kwa kukisia. Skii haikuachia nilipoanguka, goti likajizungusha, miezi 5 ya magongo. Tangu hapo niko na Fundi.

#41 FundiWaChur

Pole sana. Ukiamua kulegeza kwa kufuata kijitabu, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia kabla ya kuteleza. Na kwa watoto mjadala huu haupo kabisa. Mtoto wa miaka 9 kufika Desemba ameongezeka uzito na buti imebadilika namba, kwa hiyo bindingi lazima ipangwe upya hata kama hukuigusa.

#42 Mtalii_Oslo

Na ndiyo maana mama Zawadi mimi wanangu nawaazimia vifaa BUA, vile vituo vya kuazimisha vifaa vya michezo, bure, narudisha, sihifadhi chochote.

#43 MamaZawadi

BUA naijua kaka, na imetusaidia. Ila huyu amezipenda zake, amebandika stika ya twiga kwenye ncha.

Nimesoma yote mara mbili. Nimekwenda stooni na tochi kuangalia begi la zamani. Ule mstari mkali wa kutu uko upande wa bindingi, karibu na kisigino, si ncha iliyotazama mbele ya gari. Kwa hiyo labda ni maji ya chini ya bindingi kama alivyosema Fundi. Lakini nilipolamba kidole baada ya kugusa zipu, kulikuwa na chumvi. Sakafu nayo nimeigusa, ni baridi na ina jasho.

Nimeamua hivi. Mpya za mtoto nimezifanyia yote ya #2, zimelala chini ya kitanda chake, nta haijakwanguliwa, na yeye mwenyewe ameshika brashi. Zile zilizoharibika nimezisugua kutu, nimeziosha chumvi, nimezikausha siku tatu, na nimezirudisha stooni palepale sakafuni, bila begi. Moja nimeipaka nta, nyingine sikuipaka. Desemba nitawaletea picha.

#44 Mhandisi_Plastiki

Ile usiyoipaka nta, ipige picha ya soli LEO, kwa karibu, kwenye mwanga wa dirisha. Tusije tukabishana tena weupe ulianza lini.

#45 Bukavu_Kaskazini

Na uweke ubao chini ya moja wapo, mama.

#46 Dereva_Sudbury

Hapana, usiweke! Zitakuwa tofauti mbili tena.

#47 MamaZawadi

Picha nimepiga. Ubao sijaweka.